Kuvu wa baharini na kazi ya kuozesha mabaki ya viumbe

Mkulima wa Mbozi au Kilolo akisikia neno kuvu, mawazo yake hukimbilia ghalani, kwenye mahindi yaliyowekwa kabla ya kukauka vizuri na maonyo ya bwana shamba kuhusu sumukuvu. Hana kosa kufikiri hivyo. Lakini kuvu anayeharibu gunia la mahindi ni mmoja tu katika ukoo mkubwa sana, na sehemu ya ukoo huo huishi mahali ambapo sisi wa nyanda za juu hatupafikirii mara kwa mara, yaani ndani ya maji ya chumvi ya Bahari ya Hindi na bahari nyingine, ambako shughuli yao ni ileile wanayoifanya kwenye kisiki cha porini: kula kilichokufa.

Kuvu hana mdomo wala tumbo. Hutoa vimeng'enya nje ya mwili wake, vikalainisha chakula palepale kilipo, kisha hufyonza kilichoyeyuka. Mwili wa kuvu wengi ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, ambazo hukua kwa ncha na kupenya ndani ya kitu wanachokila. Bakteria, ambao kwa hesabu ya jumla ndio wanaoozesha sehemu kubwa ya mabaki ya baharini, hawana nyuzi za namna hiyo, na wengi wao hufanya kazi wakiwa juu ya kitu. Panapokuwa na ubao, ambao selulosi yake, yaani nyuzi zinazojenga kuta za seli, imeshikamanishwa na lignini ngumu, uwezo wa kupenya una faida kubwa.

Kikwazo ni chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na kila aliyewahi kutia samaki chumvi anajua jinsi inavyovuta maji kutoka mwilini. Kuvu wengi wa baharini hujikinga kwa kukusanya gliseroli, kitu chenye kushika maji, ndani ya seli zao ili maji yasitoke. Hata hamira wana ndugu zao huko. (Wanywaji wa ulanzi wasishangae, wanaoufanya uchachuke nao ni kuvu.)

Mahali pazuri pa kuwaona kazini ni delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko nchini, na ambayo sehemu ya maji yake hutoka huku kwetu kupitia mto Ruaha Mkuu. Tawi la mkoko likianguka na kulowa kwa miezi, ukilikwaruza kwa kisu tabaka la juu hutoka laini, huku ndani ubao ukiwa bado mgumu. Kipande chake kikiwekwa chini ya hadubini, huonekana mashimo madogo yenye ncha kali, yaliyochimbwa ndani ya kuta za seli kwa kufuata nyuzi za ubao. Juu ya tawi kuna vidoa vyeusi vinavyotoa spora, yaani chembe ndogo za uzazi za kuvu, na spora za jamii nyingi zina vijimkia vya kuzisaidia kuelea na kunasa kwenye ubao mwingine. Tawi hilohilo likizikwa kwenye tope lisilo na oksijeni, mambo hubadilika: kuvu wengi hushindwa, lignini haivunjwi kwa urahisi, na kaboni hubaki imehifadhiwa humo kwa muda mrefu.

Mbali na pwani hakuna matawi mengi. Huko kuna kuvu wadogo waitwao kitridi, ambao spora zao huogelea kwa mkia mmoja hadi zipate mwani wa jamii ya diatomu, hujibandika na kumfyonza. Diatomu wengine ni wakubwa mno kuliwa na wanyama wadogo wanaoelea majini, ila spora za kitridi zinalika, na kwa njia hiyo chakula kilichokuwa kimefungiwa hurudi kwenye mzunguko. Mabaki mengine huzama polepole kama chembechembe ziitwazo theluji ya bahari, na kuvu wamekutwa juu ya chembe hizo hata kwenye kina kinachozidi mita 1,000.

Asiye na safari ya pwani anaweza kuwaona ndugu zao wa maji baridi kwenye vijito vya Mufindi au Rungwe. Povu linalojikusanya chini ya maporomoko hunasa spora zenye mikono minne, za kundi la kuvu ambalo mtaalamu wa kuvu C. T. Ingold alilieleza mwaka 1942 kutokana na majani yaliyooza kijitoni. Weka majani ya mkuyu kwenye mfuko wa wavu na ya mlingoti kwenye mfuko mwingine, uifunge yote kwenye jiwe ndani ya kijito, kisha uifungue kila baada ya wiki mbili. Nta na mafuta ya jani la mlingoti huwachelewesha kuvu, kwa hiyo huenda ukalikuta bado zima wakati jani la mkuyu limeanza kubaki mishipa mitupu.