Gamba la ubongo halisubiri kuambiwa: dhana potofu kuhusu niuroni za milango ya fahamu

Vitabu vingi vya shule huchora njia fupi: jicho, mshipa wa fahamu, ubongo, basi. Njia ni sahihi. Kinachopotea kwenye mchoro ni mambo yanayotokea ujumbe ukishafika kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, ambako niuroni, seli zinazopelekeana ishara, husikilizana zenyewe kwa zenyewe kuliko zinavyolisikiliza jicho.

Dhana: Gamba la ubongo hukaa kimya mpaka liletewe taarifa.

Kwangu mimi hii ndiyo dhana inayopotosha kuliko zote. Chukua eneo la kuonea la paka. Hata kwenye tabaka la nne, mahali ambapo ujumbe wa macho huingilia, sinapsi (maungio kati ya niuroni) zinazouleta hukadiriwa kuwa chini ya moja ya kumi. Nyingi ya zilizobaki zinatoka kwa niuroni nyingine za gamba hilohilo, na hizo hazinyamazi hata gizani.

Mwaka 1996 Amos Arieli na wenzake wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, waliutazama ubongo wa paka waliopewa dawa ya usingizi, wakitumia rangi inayobadilika kufuata umeme wa seli. Picha ilikuwa ileile, lakini kila ilipoonyeshwa jibu lilitofautiana. Walipoiangalia hali ya gamba muda mfupi tu kabla ya picha kutokea, waliweza kulikadiria jibu lijalo kwa usahihi mkubwa. Kilichokuwa kikiitwa kelele kilikuwa shughuli ya mtandao wenyewe. Kisha mwaka 2019, watafiti waliorekodi niuroni zipatazo 10,000 kwa mpigo katika eneo la kuonea la panya walikuta shughuli yake ikifuata mwenendo wa mnyama, kama kukimbia na kuchezesha sharubu, hata kwenye giza totoro.

Dhana: Niuroni zikiwa nyingi, makosa ya moja hufutwa na nyingine.

Ingekuwa hivyo kama kila niuroni ingekosea kivyake. Lakini hukosea pamoja. Waulize watu mia mnadani ng'ombe ana uzito gani, wakati wote wameshamsikia dalali mmoja, uone kama umepata makadirio mia. Ehud Zohary, Michael Shadlen na William Newsome walilipima jambo hili kwa kima mwaka 1994, katika eneo linalotambua mwendo. Uwiano wa kupanda na kushuka kwa niuroni mbili jirani, ambapo 0 ni kutofuatana kabisa na 1 ni kufuatana kikamilifu, ulikuwa wastani wa 0.12, kiasi ambacho ni rahisi kukipuuza. Hata hivyo, kwa hesabu zao, kilitosha kufanya niuroni zinazoongezwa baada ya 100 hivi zisilete faida ya maana.

Hesabu za baadaye zimeongeza jambo zito: si kila kosa la pamoja linadhuru. Linalodhuru ni lile linalofanana na badiliko halisi la kitu kinachotazamwa, maana hapo ubongo hauna namna ya kuvitenganisha viwili hivyo.

Dhana: Kadiri niuroni zinavyofyatua ishara kwa pamoja, ndivyo ubongo unavyofanya kazi vizuri.

Umoja wa mapigo upo kweli. Wolf Singer na Charles Gray waliuonyesha kwa paka huko Frankfurt mwaka 1989. Lakini mwaka 2009 Marlene Cohen na John Maunsell walikuta kwamba kima akielekeza makini mahali fulani, kupanda na kushuka kwa pamoja kwa niuroni zinazohusika hupungua, na upungufu huo ulieleza sehemu kubwa ya kuona kwake vizuri zaidi. Umoja ukipita kiasi, huwa ni kifafa.

Dhana: Seli za kuzuia ni breki tu.

Seli hizi, niuroni zinazozituliza nyingine, ni takriban moja kwa tano ya niuroni za gamba, na ndizo zinazopanga mapigo. Zilipochochewa kwa mwanga kwenye panya, mwaka 2009 vilevile, gamba lilishika mdundo wa mara 40 hivi kwa sekunde. Umuhimu wake unaonekana kwa uchungu katika ugonjwa wa Dravet, kifafa kikali cha watoto ambacho mara nyingi husababishwa na hitilafu ya jeni ya SCN1A. Hitilafu hiyo hudhoofisha zaidi seli za kuzuia. Ndiyo maana kabamazepini, dawa inayotuliza kifafa kwa wagonjwa wengi, inaweza kumzidishia mtoto huyu degedege: hupunguza nguvu ya seli zilezile zilizokwisha kudhoofika.