"Vidole vitazoea"? Pima nyuzi kwanza bwana

Jumapili nimeletewa tena gitaa la nyuzi za nailoni, la kijana wa kwaya hapa Kampala, ncha za vidole zimechubuka, na mwalimu wake kamwambia avumilie tu eti vidole vitazoea. Banange! Mwezi huu ni mara ya nne nasikia hiyo. Haya, vitazoea, lakini uzi ukikaa juu mno ya shingo hivyo, kila ukiubonyeza unavutika na sauti inapanda, kwa hiyo kijana anapiga sawasawa kabisa na kanisa zima linadhani hajatyuni.

Nikatyuni (usipime gitaa lililolegea), rula kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokingama shingoni), kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi: uzi mnene kuliko wote, E nene, 5.5 mm, ule mwembamba kuliko wote, E nyembamba, 4. Mimi napenda 4 na 3. Angalia rula yako pia, zile za shule sifuri haianzii ukingoni, yangu niliikata. Shingo nikaichungulia, imenyooka. Na msinitafutie nati ya kukaza, gitaa nyingi za klasiki hazina chuma cha kurekebisha ndani ya shingo.

Sasa panaponiudhi. Mtu anaona uzi umezidi 1 mm, anachomoa mfupa wa daraja (kipande kinachobeba nyuzi kule mwisho kwenye mwili wa gitaa; tunauita mfupa, huu wa bei rahisi ni plastiki tu), anasaga 1 mm, anarudisha, halafu ananiambia haijasaidia. Ndugu yangu, freti ya 12 iko katikati ya uzi! Watu wawili wakibeba jerikani kwa mti, mmoja akishusha bega lake, jerikani inashuka nusu tu ya hapo. Ukitaka 1 mm pale katikati, toa 2 kwenye mfupa. Na saga chini, juu ndiko uzi unapokaa, chora mstari wa penseli, laza msasa juu ya kioo, shika mfupa wima, maana chini kukiwa na mteremko haukai vizuri darajani na sauti inafifia.

Kwa hesabu hiyo E nene ilitaka nitoe 3, ila mfupa ulichomoza 4 tu juu ya daraja, ningebakiza 1 na uzi usingekandamiza vizuri. Nikatoa 2 pote. Nyembamba ikafika 3, nene 4.5, na hiyo nusu bado inanikera, sijui kama ningethubutu kidogo zaidi. Halafu ni msimu wa mvua, mbao imevimba, kiangazi nyuzi zinaweza kushuka zenyewe zianze kukwaruza freti, hapo nabahatisha kama kila fundi.

Wale mnaotaka ishuke kama gitaa la umeme, nailoni inacheza upana mkubwa, itagonga freti tu, msiniletee.

Kijana kapiga nyimbo mbili palepale kibandani, kisha akauliza kama mwalimu wake naye anaweza kuleta la kwake.