Mkia wa Ndege Kugonga Lami: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Ndege ya abiria ikiburuza mkia kwenye lami wakati wa kuruka, kauli ya kwanza utakayoisikia ni kwamba ilijazwa mizigo kupita kiasi. Mara nyingi sivyo. Ndege ya Emirates iliyoondoka Melbourne, Australia, kwenda Dubai usiku wa Machi 20, 2009 haikuwa imezidishiwa mzigo. Ilikuwa Airbus A340-500 iliyotakiwa kuhesabiwa kwa uzito wa tani 362.9, ndani kabisa ya kiwango inachoruhusiwa. Ila kwenye kompyuta ndogo ambayo marubani huitumia kupiga hesabu za kuruka, uzito ulioingizwa ulikuwa tani 262.9. Palipotakiwa 3 pakaandikwa 2, na tani 100 zikapotea.

Kosa hilo liliharibu mambo mawili kwa pamoja. Ndege kubwa haziruki kwa nguvu zote za injini kila siku. Ikiwa nyepesi na njia ya kurukia ni ndefu, nguvu hupunguzwa makusudi ili injini zisichakae upesi. Kwa hiyo kompyuta, ikiamini ndege ni nyepesi, ilitoa nguvu pungufu. Ikatoa pia mwendo wa chini wa kunyanyulia pua: kama kilomita 268 kwa saa, wakati uzito halisi ulihitaji karibu 298. Nahodha akamwambia rubani msaidizi anyanyue pua. Pua ikapanda, ndege haikupanda. Akarudia agizo, pua ikapanda zaidi, na mkia ukagonga lami. Hapo nahodha akasukuma injini hadi mwisho wa nguvu zake. Ndege ilivuka mwisho wa njia, ikapaa, ikagonga taa na antena ya kuongozea ndege zinazotua, kisha ikazunguka juu ya bahari kumwaga mafuta na kurudi kutua salama. Kati ya watu 275 waliokuwamo, hakuna aliyeumia.

Wengi huuliza: kwa nini hakufunga breki? Kila ndege inapojiandaa kuruka huwekewa mwendo wa uamuzi. Kabla ya mwendo huo rubani anaweza kuacha kuruka na kusimama ndani ya njia iliyobaki. Baada yake, kusimama ni hatari kuliko kuendelea. Pale Melbourne njia ilikuwa karibu kwisha. Kuongeza nguvu ndiko kulikowaokoa, na anayelaumu uamuzi ule hajaangalia mita zilizokuwa zimesalia.

Dhana ninayoona ina madhara kuliko zote ni hii: rubani mzoefu angehisi kwamba ndege ni nzito. Inawaonea marubani, na inatuficha tatizo lenyewe. Uzito hubadilika kila safari, na nguvu za injini hubadilika nao. Leo ndege inakimbia upesi, kesho taratibu, na siku zote mbili kila kitu ni sawa. Wachunguzi wa usalama wa usafiri wa Australia walilieleza hilo waziwazi: ndani ya chumba cha marubani hapakuwa na kipimo cha kuwaambia kwamba ndege haiongezi mwendo inavyopaswa. Na haikuwa mara ya kwanza. Miaka 6 kabla, Machi 2003, Boeing 747 ya Singapore Airlines iliburuza mkia Auckland, New Zealand, baada ya tani 347.4 kuhesabiwa kama 247.4. Oktoba 2004 ndege ya mizigo ya MK Airlines, nayo 747, iliruka Halifax, Kanada, kwa hesabu za uzito wa safari iliyotangulia. Wafanyakazi wote 7 walifariki. Marubani wa mashirika matatu, katika nchi tatu, hawawezi wote kuwa wazembe.

Sababu nyingine zipo: pua kunyanyuliwa kwa pupa, upepo wa ghafla, au ndege yenyewe kuwa ndefu. Boeing 737-800 hugusa lami pua ikifika nyuzi kama 11 tu, wakati ndugu yake mfupi wa 737-700 anavumilia zaidi ya 14.

Kwamba ndege hulipuka au kukatika mara mkia unapogusa chini, hapana. Watengenezaji wenyewe huiburuza makusudi katika majaribio ya ndege mpya, wakiwa wamefunga kinga mkiani, ili kujua mwendo wa chini kabisa ambao inaweza kupaa nao.

Hatari kubwa huja baadaye, nayo ndiyo isiyosemwa. Watu hudhani ndege ikishatengenezwa mambo yamekwisha. Mwaka 1978 Boeing 747 ya Japan Airlines iligonga mkia ikitua Osaka. Ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya ndani isitoke uliharibika, na katika kuutengeneza, bamba la kuungia lilikatwa vipande viwili. Mahali palipotakiwa safu mbili za riveti (pini za kubana mabamba) zishike mzigo, ikabaki safu moja. Kila safari hewa ilijazwa ndani ya ndege na kupunguzwa tena, na chuma kikachoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Agosti 12, 1985, baada ya safari zaidi ya 12,000 tangu ukarabati ule, ukuta ulipasuka. Ndege ikapoteza usukani wa mkiani na mafuta yote ya mitambo ya kuiongoza. Watu 520 walikufa, 4 wakaokolewa. China Airlines nayo: mkia uligonga Hong Kong mwaka 1980, mikwaruzo ikafunikwa kwa bamba badala ya kuondolewa, na Mei 2002 ndege ilivunjika angani karibu na Taiwan ikiwa na watu 225. Hakuna aliyepona. Ilikuwa imebeba mikwaruzo hiyo kwa miaka 22.

Ndiyo maana mkia ukigonga wakati wa kuruka, utaratibu ni kutojaza hewa ndani ya ndege, kubaki chini ya futi 10,000 na kurudi kutua, hata kama ndege inaruka vizuri. Abiria wakilalamika kwamba wamerudishwa bure, hawajui ukuta ule unabeba nini.

Na usidhani marubani lazima wameshajua. Katika ndege ndefu wanakaa zaidi ya mita 60 mbele ya mkia, na mguso mwepesi unaweza usiwafikie kabisa. Wahudumu wa nyuma ndio husikia. Ukiwa umekaa viti vya mwisho na ukasikia mkwaruzo wa chuma chini ya miguu ndege ikinyanyuka, bonyeza kitufe cha kuita mhudumu umweleze mara moja. Amefunzwa kupeleka habari hiyo mbele.