Kutofungamana si kukosa msimamo

Kwenye vijiwe vya kahawa Kirumba, Mwanza, vita vya Ukraine vikitajwa utasikia: asiye upande wa Marekani wala Urusi ni mwoga, na Tanzania ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za Mwalimu. Si kweli. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa kutouzima utawala wa walowezi wachache waliojitangazia uhuru Rhodesia (leo Zimbabwe), na mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Fedha nyingi mno kwa nchi changa! Kutofungamana kulikuwa kupima kila jambo kivyake, hata kwa hasara. Nasi wa siasa za kati ndivyo tufanyavyo: nashangilia daraja la Kigongo–Busisi bila kadi ya CCM, nadai katiba mpya bila kadi ya Chadema.