Una siku moja Kilwa Kisiwani? Angalia kuta

Kazi yangu ni uhifadhi wa majengo ya kale ya mawe na chokaa, na watu wananiuliza sana kama siku moja inatosha kuiona Kilwa Kisiwani, magofu ya mji wa kale wa Waswahili pwani ya kusini ya Tanzania. Inatosha, ila wengi wanaipoteza. Wanashuka kwenye boti, picha mbili tatu kwenye ngome ya Gereza, wanachungulia Msikiti Mkuu, saa sita jua limewachosha washarudi Kilwa Masoko, mji wa ng'ambo bara, kula samaki. Mji ulioshika biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji, hauangaliwi hivyo jamani.

Mi nakushauri ulale Masoko, kibali ukate mapema maana bila hicho huvuki, na asubuhi uanzie mbali kabisa, Husuni Kubwa, kabla jua halijawa kali. Ni kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, huyohuyo aliyekuwa anatawala msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipofika 1331, na lile birika la pembe nane bado lipo.

Sasa sogea ukutani. Mawe yaliyojaza ukuta ni matumbawe ya kale yaliyochimbwa nchi kavu, magumu, yamekaa ovyo ovyo ndani ya chokaa. Lakini nenda kwenye fremu za milango, au baadae kwenye mihrabu ya Msikiti Mkuu, utakuta jiwe limechongwa safi kabisa lina vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki, hilo ni tumbawe lililokatwa baharini likiwa bichi, fundi akalichonga lingali laini, likikauka ndo linakuwa gumu.

Na vyumba mbona vyembamba hivi? Ni boriti za mikoko. Paa zito la mawe na chokaa lilibebwa na boriti, na boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi bila kupinda, kwahiyo chumba kinarefuka tu, hakitanuki. Ndo maana Msikiti Mkuu unanisisimua kila nikiingia, sehemu ya zamani ya karne ya 11 ilikuwa na paa bapa, halafu karne ya 14 wakaongeza upande wa kusini wakaufunika kwa kuba, chokaa na matumbawe matupu!

Kuna wanaosema si mzibe nyufa kwa simenti muishe. Hapana. Ukuta wa chokaa unapumua, unyevu unaingia na kutoka, ukiupaka simenti maji na chumvi vinafungiwa ndani na jiwe linaanza kumeguka. UNESCO waliiorodhesha Kilwa na Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu pia, kwenye urithi wa dunia 1981, 2004 zikaingia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kutoka ni 2014, na ilichukua kazi ya mikono kweli kweli, kwahiyo naomba usipande juu ya kuta kutafuta picha.

Gereza limalizie mwisho, liko karibu na boti. Wareno walijenga ngome pale 1505, ila unachokiona leo sehemu kubwa ni ya Waomani.

Ukipata siku ya pili nenda Songo Mnara, ongea na nahodha kuhusu maji kwanza kwasababu kule unashuka unatembea kwenye mikoko, na viatu vya kulowa ni lazima.