Blondel hakumpata Mfalme Richard kwa wimbo

Dürnstein, mji mdogo wa Austria kando ya mto Danube, una kisa kitamu. Mfalme Richard wa Uingereza alifichwa katika ngome iliyo mlimani juu ya mji, na watu wake hawakujua aliko. Mwimbaji wake, Blondel, akazunguka ngome hadi ngome akiimba, mpaka siku moja sauti kutoka kifungoni ikamalizia ubeti.

Kufungwa ni kweli. Richard alikamatwa karibu na Vienna Desemba 1192 na Leopold wa Tano, mtawala wa Austria. Walikuwa wamekosana mwaka uliotangulia huko Akka, mji wa pwani ya Palestina uliotekwa katika Vita vya Msalaba, bendera ya Leopold ilipong'olewa ukutani na watu wa Richard.

Siri ndiyo haikuwepo. Tarehe 28 Desemba, Heinrich wa Sita, kaisari wa Ujerumani, alishamwandikia mfalme wa Ufaransa kumpasha habari. Na wangemficha ili iweje? Walimtaka kwa ajili ya fidia, nayo ikafikia mark 150,000 za madini ya fedha (mark ilikuwa kipimo cha uzito). Machi 1193 maabate wawili, yaani wakuu wa monasteri, waliotumwa kutoka Uingereza walimkuta Ochsenfurt, Ujerumani, akiwa njiani kukabidhiwa kwa kaisari.

Blondel wa kisa hiki anajitokeza katika maandishi ya karne ya 13, miongo mingi baadaye. Mimi wananigusa zaidi waliolipa: Waingereza walitozwa robo ya mapato yao, makanisa yakatoa vikombe vya fedha, watawa wakanyang'anywa sufi ya kondoo wao. Sehemu ya fedha hiyo ilijenga kuta za Vienna.