Kituo cha sanaa kisicho cha faida sio kwamba kila kitu bure

Huku Kigoma, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, ukisema kituo cha sanaa kisichoendeshwa kwa faida watu wanaelewa kila kitu bure, hamna kuuza picha, wafanyakazi wote wanajitolea, na akionekana mtu analipwa mshahara basi hela za wafadhili zimeshaliwa. Sio hivyo jamani. Kituo kinaruhusiwa kuuza picha, kuchaji darasa la uchoraji, kulipa walimu na mlinzi, kinachokatazwa ni ile ziada inayobaki wenye kituo kugawana kama gawio, inabidi irudi kwenye kazi yenyewe, rangi, kanvasi, pango, umeme. Angalia Nafasi Art Space kule Mikocheni, Dar, ipo tangu 2008, wasanii wana studio, mafunzo yapo, maonyesho yapo.

Na msanii akiuza picha hela ni yake, kama kuna makato mnakubaliana kabla (ulizia mapema, hapa ndo ugomvi unapoanzia). Tofauti kubwa ya kituo na duka la picha mi naiona ukutani: mwenye duka anatundika kinachotoka haraka, simba na jua linazama ziwani, ila kituo kinaweza kumpa nafasi kijana wa Gungu anayechora vitu ambavyo bado havina mteja.